Mrija Namba Ishirini na Tisa

Dada Haika,

Siku hizi naingia chumba cha baridi cha maabara bila kupiga hodi. Unajua ilivyokuwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kugonga ule mlango wa chuma na kusema hodi kwa sauti, maana mtu akiwa nyuma ya rafu na mrija wa tope mikononi asije akashtuka akauangusha. Mwaka mzima nilipiga hodi na wewe ukaitikia, "Karibu Mpare, ingia ufunge mlango, baridi inatoka." Ulipokwenda melini niliendelea kwa mazoea. Ulipokufa niliendelea pia, mpaka asubuhi moja ya mwezi wa sita nilipogonga, nikasema hodi, na kitu ndani kikajibu. Tok. Nikasimama. Tok, tena. Nilijua ni hewa iliyobanwa kwenye tope, inasukuma kifuniko cha mrija itoke. Ulinieleza mwenyewe kwamba tope la kilindini likishafika kwa watu, hewa yake haitulii. Nilijua kabisa. Hata hivyo niligeuka nikaenda kunywa chai, na tangu siku hiyo hodi nimeiacha, nisije nikaitikiwa vizuri zaidi ya pale.

Nakuandikia kwa sababu nina jambo la kukuambia, na samahani, nimeshawaambia wengine kabla yako. Nimelitangaza kosa lako. Nimelisema mbele ya Profesa, mbele ya maabara nzima, na nimemwandikia mama yako kule Machame. Tulia hapo hapo ulipo, usiinuke. Nitakueleza tangu mwanzo.

Habari ilikuja kwa faksi. Profesa aliniita ofisini, akafunga mlango, jambo ambalo hafanyi, na ile karatasi ikawa inajikunja mkononi mwake kila akijaribu kuinyoosha. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Kidole tumbo, Haika! Kitu ambacho hapa Minneapolis unapanda basi la Franklin, unashuka hospitalini, kesho kutwa unakula uji. Kule mlikokuwa, kusini kabisa ambako ramani zenyewe zinaishia, barafu ilikuwa imefunga njia ya kaskazini, na helikopta yoyote ilikuwa mbali mno. Wanasema miaka hii ya tisini dunia imekuwa kijiji. Kijiji gani hicho, ambacho maiti anachukua siku kumi na moja kufika bandarini?

Tukakaa matanga Richfield, kwa Mama Neema. Sofa zilitolewa nje mpaka kwenye veranda, viatu vikajaa mlangoni, na theluji ikayeyuka ikawa dimbwi kwenye zulia, hakuna aliyejali. Wanafunzi walikuja, wale wa viwandani Fridley walikuja na sare zao baada ya kazi, Wakristo wakaimba, Waislamu wakasoma dua zao, wali ukapikwa. Na watu wote wakawa wananiangalia mimi. Mpare mmoja tu katika Minneapolis na mji pacha wake, na aliyekufa Mchaga, mtani wangu. Kila mtu alijua kazi yangu. Mtani ndiye anayevaa nguo ya marehemu, akaiga mwendo wake, akasema ukaidi wake na ulafi wake hadharani, waliofiwa wakacheka huku wanalia, na hakuna wa kumkasirikia. Bibi yangu wa Usangi alikuwa akisema kwamba maiti asiyetaniwa hapati njia, anazunguka zunguka. Mama Neema akaniinamia akaninong'oneza, "Mtani, fanya kazi yako." Mtani mzima nikakaa kama gogo. Kila nilipofungua mdomo kilitoka kilio.

Neema, yule wa miaka saba, akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia ila hakimtoki, kama ulikuwa peke yako kule kwenye barafu. Nikamwambia hapana, mlikuwa watu hamsini, na mpishi, na nahodha. Akauliza tena: sasa hivi je? Nikampa chapati.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenijaza kichwa na mambo ya huko. Ujumbe wako uliingia mara moja kwa siku, meli ilipozungumza na setilaiti, na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta ya maabara nangoja. Uliniandikia kwamba jua halizami, linazunguka tu juu ya vichwa vyenu, na kwamba umebandika kadibodi kwenye kidirisha ili upate usingizi. Masaa manne kazini, manane kitandani, mpaka hujui leo ni jumanne au ni mwaka mwingine. Barafu inaparuza ubavu wa meli sentimita chache kutoka kwenye mto wako, na wewe umelala ukisikia kama kuna mtu anakwangua ukoko. Ulisema pengwini wanasimama kwenye vipande vya barafu na kuwaangalia mnavyopita, wamenyamaza kama wazee wa kanisa. Na ulisema kilichokutisha zaidi ni injini zinapozimwa. Bomba la chuma la kuchotea tope linashushwa kwa waya, saa nzima kwenda chini, saa nzima kurudi, na katika ule ukimya unasikia bahari inatatarika pande zote. Ni hewa ya zamani, ukaandika, iliyofungiwa ndani ya barafu kabla hajazaliwa mtu tunayemjua jina, sasa barafu inayeyuka na hewa inatoka. "Mpare, nimesimama hapa nasikiliza pumzi ya watu wasiokuwepo." Niliisoma ile sentensi mchana kweupe na bado nikageuka kuangalia nyuma.

Tope lako lilifika mwezi wa tano. Lori la friji lilirudi nyuma mpaka mlangoni, na tukaishusha mirija mmoja mmoja, ile ya plastiki iliyokuwa ndani ya bomba, mirefu kunizidi, mizito kama watu. Kila mmoja una mwandiko wako. Namba ya kituo, yaani pale bomba liliposhushwa, kwa makapeni nyeusi, mshale, na juu ya mshale neno JUU, maana uliapa kwamba hakuna Mzungu atakayekugeuzia mrija wako miguu juu kichwa chini akasingizia hakuelewa. Profesa akasema niifungue mimi, kwa kuwa nimezoea mkono wako. Nilishukuru. Watu walinionea huruma kukaa mle ndani kutwa na jaketi la baridi wakati nje ni joto na wenzangu wako ziwani, lakini mimi nilikuwa nakuja kwako. Napasua mrija kwa urefu, tope linafunguka pande mbili, kijivu chini, kijani juu, na harufu ya mayai viza inaniingia kwenye nywele. Basini watu walikuwa wanahama kiti. Nikasema afadhali, tunasafiri wawili.

Kitu kimoja tu kilinishtua wakati ule. Mrija wa thelathini na tatu, mwezi wa saba, nilipoufungua nilikuta uzi mweusi umejibandika ukutani mwa plastiki, umepita kwenye tope. Nikauvuta kwa kibanio polepole. Rasta. Rasta niliyokusuka mwenyewe, pale chumbani kwangu Phillips, jumapili moja kabla hujasafiri, ukilalamika kwamba Wapare wanasuka kama wanafunga mbuzi. Nilikaa chini sakafuni. Nikasema, aliinama juu ya mrija wake, nywele ikakatika, basi. Nikauweka kwenye bahasha. Na kulikuwa na mrija mmoja mtupu kwenye lile lori, namba thelathini na nane, umeandikwa vizuri lakini ndani safi kabisa. Tukadhani kituo cha mwisho hakikutoa kitu.

Nilihesabu mpaka mwezi wa tisa. Jicho kwenye hadubini, vile vijimea vidogo vya baharini vyenye gamba la kioo, vinavyokaa kwenye maji wazi na visivyokaa chini ya barafu. Wewe na Profesa mlikuwa mmegombana miaka miwili: wewe ukisema barafu ya kale iliondoka pale kwa mpigo mmoja, yeye akisema ilirudi kidogo kidogo. Na Haika, kilichotoka ni chako! Mpaka mrija wa ishirini na nane, karibu hakuna kitu. Wa ishirini na tisa, vijimea vimejaa tele. Ghafla, kama ulivyosema. Profesa aliangalia mchoro wangu, akatikisa kichwa, akasema umemshinda. Makala ikaanza kuandikwa, jina lako likiwa la kwanza. Mama yako akaniandikia kwamba desemba, Wachaga wote wakirudi nyumbani, kutakuwa na ibada ya kuweka msalaba, na anaomba makala hiyo ije, hata kama hataielewa, isomwe kichwa chake kanisani, kisha aiweke kwenye fremu. Nikamjibu, mama, itakuja.

Kilichobaki kilikuwa jedwali la vituo. Mwezi wa kumi Profesa akanipa nakala ya daftari la zamu, lile linaloandikwa melini kila bomba linapopanda, ninakili tarehe na mahali. Kazi ya karani. Nikawa nakunywa chai huku nanakili. Kituo cha ishirini na nane, mwandiko wa mwenzako Karl, na chini yake, kwa mwandiko huo huo, mstari mmoja kwamba umefariki alfajiri. Nikafuta macho, nikaendelea. Kituo cha ishirini na tisa, kesho yake: bomba limegonga mwamba, limerudi tupu, hakuna tope.

Nikalisoma mara mbili. Kisha nikaondoka pale nikaenda kwenye chumba cha baridi, nikasimama mbele ya rafu. Mrija namba ishirini na tisa ulikuwepo. Umejaa. Nimeupasua kwa mikono yangu, nimehesabu vilivyomo. Tope kutoka mahali ambapo hapakutoka tope, na juu yake mwandiko wa mtu aliyekuwa amekwisha kufa. JUU. Hakuna mwingine kwenye meli ile aliyejua Kiswahili hata cha kuomba maji. Nikaangalia wa thelathini, thelathini na moja. Mkono wako, mkono wako. Ule wa thelathini na tatu, wenye rasta yako, ulitoka baharini siku ya tano baada ya kifo chako.

Taa za mle ndani zinajizima zenyewe mtu asipotikisika, unakumbuka. Zikazima. Sikutikisika. Nilikuwa nimeogopa, Haika, nakwambia ukweli, niliogopa kama mtoto, na nilichoogopa si kwamba upo. Niliogopa kwamba upo na unafanya kazi, peke yako, kule chini, na hakuna aliyekuja kukuambia umalize zamu. Ndipo mahali fulani kwenye rafu mrija ukafanya tok, nikaruka, taa zikawaka.

Nilimpigia Karl simu siku ile ile. Akaniambia. Siku tatu kabla ya kufa ulikuja kwenye zamu ukiwa umejishika ubavu, ukasema ni chakula tu. Hukuweza kusimama. Ukageuza ndoo ukaikalia, ukaagiza waletewe mirija yote iliyobaki, ishirini na tisa mpaka thelathini na nane, na ukaandika yote kwa mpigo, umeinama, rasta zako zikigusa midomo ya mirija. Ukacheka, ukamwambia, "Mkiachiwa nyie mtaandika ovyo." Karl alitaka kumwita mganga wa meli. Ukamkataza. Ukamwambia njia ya kaskazini bado iko wazi, na mganga akikuona tu meli itageuka, na mstari wako wa vituo utakufa. Alipokwenda kumwita bila ruhusa yako ilikuwa siku mbili baadaye, na barafu ilikuwa imeshafunga.

Na wewe ndiye uliyenifokea siku yangu ya kwanza! Nilikuwa nimeandika vifuniko vitatu mapema ili nionekane hodari, ukavitupa kwenye pipa. "Mtoto hapewi jina hajazaliwa. Mrija hauandikwi mpaka tope liwe ndani na umeliona kwa macho yako." Nililia chooni kwa ajili ya sentensi hiyo.

Basi walipokuwa wanangoja upenyo kwenye barafu, wenzako waliamua kumalizia mstari wako, kwa heshima yako. Kituo cha ishirini na tisa bomba likarudi tupu. Mrija ulioandikwa ishirini na tisa ulipaswa kuwekwa kando. Lakini ulikuwa na mwandiko wako, Karl akasema, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuutupa. Kituo kilichofuata wakautumia. Na uliofuata, na uliofuata. Mirija tisa, yote imerudi nyuma kituo kimoja, na wa mwisho ukabaki mtupu. Daftari liliandikwa sawa. Hakuna aliyelilinganisha na mirija, maana walikuwa wanalia, na mirija ilikuwa inapelekwa kwenye stoo ya baridi ambako ulikuwa umelazwa wewe. Siku kumi na moja ulikaa mle, wewe na tope lako mmepangwa pamoja. Sisi tulikaa matanga Richfield na biriani, kumbe waliolala matanga hasa ni ile mirija.

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa jambo. Tope la mrija wa ishirini na tisa si la kituo cha ishirini na tisa, ni la thelathini. Cha ishirini na tisa hatuna hata kijiko. Ule mpigo mmoja, ile ghafla yako nzuri, imekaa juu ya shimo. Huenda barafu iliondoka ghafla. Huenda iliondoka kidogo kidogo pale pale ambapo hatuna tope. Hakuna awezaye kusema. Makala yako haina miguu, na ukimwacha Karl, mwenye kujua ni mimi peke yangu.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Unajua watu wanavyosema, Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, basi kesi hii niliiendesha kichwani pande zote mbili. Nani ataumia? Tope halisemi. Karl hatasema. Nikinyamaza, jina lako linatoka kwenye karatasi nzuri, mama yako anapata fremu yake, Profesa ameshakubali kushindwa. Nikisema, nimekuzika mara ya pili, na mara hii kwa mikono yangu. Watu watakumbuka kwamba yule Mwafrika aliyekuwa mkali kwa kila mtu kuhusu lebo, mwenyewe aliharibu lebo. Nililiona hilo, nikalichukia.

Na kulikuwa na lingine, Haika, nalo naliandika hapa kwa sababu sijui nitalipeleka wapi. Uliniandikia. Katika ujumbe wako wa pili kutoka mwisho, ulisema tumbo linakukata kidogo, huenda ni wali wa mpishi. Nami nikakujibu: Mchaga akikosa pombe yake ya mbege tumbo lazima lilie, kunywa maji ulale. Nilicheka wakati naandika. Nilimsomea na msichana wa meza ya pili. Hiyo ndiyo sauti yangu ya mwisho uliyoisikia, dada yangu, utani. Nisamehe. Kila nilipotaka kukasirika kwamba ulificha, nilikumbuka kwamba mimi hukunificha.

Nikajua kwamba nikinyamaza sasa, utani wangu utakuwa umefanya kazi moja tu duniani, ile mbaya.

Ijumaa ile ya kikao cha maabara nililitoa jaketi lako jekundu kwenye msumari, lenye jina lako kwenye utepe kifuani. Nikalivaa. Nikangoja wote waketi na kahawa zao, nikaingia kwa mwendo wako, mkono mmoja kiunoni, kidevu juu, visigino vinagonga. Nikasimama mwisho wa meza, nikasema kwa ile sauti yako ya puani, "Nani amegusa mirija yangu?"

Mtu alimwaga kahawa. Yule msichana wa meza ya pili alishika mdomo, macho yamemtoka, na kwa dakika nzima hakuna aliyeniita kwa jina langu. Nadhani walikuwa hawana hakika. Hata mimi, Haika, haki ya Mungu, sauti ile sikuwahi kuifanyia mazoezi. Ilitoka tu. Niliisikia kama walivyoisikia wao, ikitoka mbele yangu.

Kisha nikawaeleza watani ni nani, na kwamba nimechelewa kazi yangu miezi tisa. Nikaanza. Nikasema alikuwa mkaidi, anakula chakula cha watu kwenye friji na kuacha kibandiko kwamba kilikosa chumvi. Nikasema alisahihisha nyimbo za kanisa akiwa ndani ya kanisa. Wakaanza kucheka, kwanza kwa woga. Nikasema aliumwa akajificha kama paka, na kwa sababu hiyo amekufa, na mimi nimemkasirikia. Nikasema aliandika mirija kumi kabla ya tope. Nikaweka jedwali mezani, daftari upande huu, mirija upande huu.

Profesa alisoma mpaka mwisho, akavua miwani. Akasema, "Huyu ndiye. Huyu ndiye kabisa," akacheka, mabega yakamtikisika, kisha nikaona kwamba si kicheko tena. Makala haitatoka mwaka huu. Jina lako halikuondolewa popote. Walichofanya jioni ile ni kumpigia simu Karl, wote kwa pamoja, kumwambia asijilaumu, na alihitaji kuambiwa.

Nilipokwenda kutundika jaketi lako, chumba cha baridi kilikuwa kimya. Nilikaa humo nusu saa nasubiri. Hata tok moja sikuisikia. Profesa anasema hewa imekwisha kutoka, tope limechoka, ni kawaida baada ya miezi kadhaa. Nami nasema ndiyo, ni kawaida.

Mama yako nilimwandikia kurasa sita. Fremu haitakuwepo, mama, na sababu ni hii. Nikamweleza ndoo, na ubavu, na njia iliyokuwa bado wazi. Nikamweleza na mbege. Nilipoitumbukiza ile barua kwenye sanduku la posta nilitamani kuingiza mkono niitoe. Wiki nne nzima nilikuwa nikifungua kisanduku changu cha barua kwa ncha ya kidole.

Jibu limekuja juzi. Nalinakili kama alivyoandika, kwa ule mwandiko wake wa kialimu:

"Mwanangu Nakijwa. Tangu mwezi wa tatu kila anayeingia nyumba hii ananiambia nilizaa malaika. Mimi malaika sikuzaa. Nilizaa Haika, aliyeficha malaria darasa la saba asikose mtihani, akaanguka juu ya karatasi. Wamemsifu mpaka nikaanza kuona kama mtoto huyo sikuwahi kuwa naye. Barua yako nimeisoma jikoni kwa sauti, na nimemsikia. Nimecheka, nimemtukana, nimelia. Umenirudishia. Msalaba tutauweka bila karatasi. Kuhusu utani wako, usijitese, angekujibu vibaya zaidi. Lakini nimesikia kwamba na wewe unakwenda kule. Nina neno moja tu kwako."

Ndiyo, nakwenda. Profesa amenipa nafasi yako, safari ya januari. Tutarudi kwenye kituo cha ishirini na tisa, hatua chache pembeni ya ule mwamba, na tutashusha bomba hata mara tano. Nimeshanunua soksi. Naogopa maji, naogopa jua lisilozama, na zaidi naogopa injini zitakapozimwa, maana najua nitasikiliza, na najua ninachokitafuta katika ile sauti. Tope likija likakuumbua, nitakuumbua mimi kwanza. Likikupa haki, nitapanda Machame kukuomba radhi mbele ya Wachaga wote, na mtanitukana mtakavyo.

Pumzika sasa, dada. Zamu yako nimeipokea, usiizungukie tena. Na lile neno la mama yako nimemwahidi yeye, na wewe nakuahidi hapa, Mchaga mkaidi niliyekupenda: nikiumwa, nitasema. Siku hiyo hiyo, hata kama bomba liko nusu ya njia kwenda chini, hata kama wote watanikasirikia na meli itabidi igeuke, nitasema.

Mtani wako,
Nakijwa